Vipimo vya Nthenya

Jumatatu, 7 Machi 1994

Sultan Hamud. Miaka arobaini kasoro wiki saba tangu nikamatwe Nairobi na askari wa mkoloni na kupakiwa kwenye lori. Tangu niione Othaya, kwetu, kwa macho, miaka arobaini na miezi miwili na kidogo – Krismasi ya 1953. Nahesabu kila mwaka mvua za Machi zikikaribia. Hesabu haibadilishi kitu, lakini fundi akiacha kuhesabu ameisha.

Leo lakini kuna la kuandika. Barua imefika! Nthenya amepata nafasi katika chuo cha ufundi wa maabara, kwenye hospitali ya misheni. Wanaripoti Jumatatu, tarehe 9 Mei. Aliisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni mwa duka, mimi nikiwa na pini mdomoni. Nikamwambia arudie, cherehani ilikuwa inapiga kelele. Akarudia. Nikasema bado sijasikia vizuri. Nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Waringa. Atatimiza miaka ishirini tarehe 3 Mei. Ana sikoseli tangu kuzaliwa. Urefu wake ni futi nne na inchi sita na nusu, na watu wa barabarani bado humwuliza, "Mtoto, mama yako yuko wapi?"

Chini ya barua kuna sharti: kitambulisho cha taifa, chenyewe, si nakala. Hana. Hatukuwahi kuona haraka. Keshokutwa tutakwenda kukiomba.

Jumatano, 9 Machi

Hovyo kabisa.

Tulipanga foleni tangu saa moja asubuhi. Tulipofika dirishani saa tano, karani hakutazama karatasi. Alimtazama Nthenya. "Mzee, mambo ya shule ya msingi si hapa." Foleni ikacheka. Nikamwambia ana miaka kumi na tisa. Akasimama ili aone vizuri ng'ambo ya meza. "Huyu? Huyu hata meno hajamaliza kuota."

Nthenya hakosi neno. "Yameota yote, karani. Nikung'ate uhakikishe?"

Foleni ikacheka tena, sasa ikimcheka karani. Hakupenda. Akataka cheti cha shule. Akakisoma, akakigeuza kwangu, akaweka kidole: amezaliwa tarehe 5 Desemba 1976. Kumi na saba! "Karatasi yako mwenyewe inakukana, mzee."

Nikakichukua cheti. Nthenya akanitazama.

Tumepewa barua ya kwenda hospitali ya serikali akapimwe umri. Wakipata kumi na nane au zaidi, tutarudi.

Hiyo 1976 najua ilikotoka. Nitaandika hasira ikiisha.

Alhamisi, 10 Machi

Haijaisha. Naandika hivyo hivyo.

Januari 1982. Nthenya alikuwa na miaka saba na miezi minane. Miaka miwili mfululizo tulishindwa kumpeleka shule kwa sababu ya kulazwa. Mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka mitano. Mwalimu mkuu wa wakati ule alitumia kipimo cha zamani: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Asiyefikia arudi nyumbani akale ugali.

Mkono wa Nthenya ulilipita sikio ukafika kwenye taya! Mwalimu alifurahi sana. Sikujua wakati huo kwamba ni ugonjwa unaowafanya watoto hawa kuwa na mikono mirefu na kiwiliwili kifupi. Mimi niliona tu kwa jicho la fundi: mikono ya miaka minane, kifua cha miaka mitano. "Huyu yuko tayari kabisa," mwalimu akasema. "Ana miaka mingapi?"

Nyuma yake walisimama watoto wa miaka sita, wote wakimpita kwa kichwa. Nikaona miaka saba ya kuitwa "nyanya" darasani. Mdomo wangu ukasema, "Mitano na kidogo." Tarehe? Nikatoa tarehe, kama mtu anayetoa kitufe mfukoni. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo, alizaliwa nyumbani kwa baba yake, kijiji cha Kwa Vonza, Kitui. Basi likaandikwa neno langu.

Jioni marehemu mke wangu Muthoki aliniambia, "Umemkata mtoto kama kitambaa." Nikamjibu kwamba nimemkata ili atoshe. Nilidhani nimejibu vizuri.

Jumanne, 15 Machi

Hospitali. Wamempiga picha mkono wa kushoto, kifundo na vidole. Kijana wa pale akaifungua kwenye mwanga, akaleta kitabu kikubwa chenye picha za mikono ya watoto wa miaka yote, akawa anafananisha ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayechagua mtindo wa suti. Nikamwuliza watoto wa kitabuni ni wa wapi. Wa ng'ambo, wenye afya. Nikamweleza kuhusu damu ya Nthenya. Akasema, kwa adabu, kwamba yeye anasoma mfupa, hasomi damu.

Akaandika: umri wa mifupa, miaka kumi na minne. Mhuri. Sahihi.

Kumi na minne!

Sasa ana umri wa aina tatu. Nyumbani kumi na tisa, shuleni kumi na saba, mifupani kumi na minne. Njiani Nthenya, ambaye huniita babu kwa Kikuyu, akasema, "Guka, turudi nyumbani haraka. Tukipitia ofisi moja zaidi nitaanza kunyonya."

Nilicheka. Kisha sikuweza kula.

Ijumaa, 18 Machi

Malili, kwa Nzomo. Aliwahi kuwa mganga katika zahanati ya serikali, amestaafu, sasa ana kliniki yake ya vyumba viwili. Amemtibu Nthenya tangu akiwa na miaka kumi. Ndiye aliyemwanzishia vidonge vya foliki na vya malaria vya kila siku, na ndiye mtu pekee ambaye nikimweleza jambo haniulizi kabila langu kwanza.

Nilibeba daftari zangu. Nimeshona sare za shule hapa tangu 1961, na kila mtoto nimemwandika: bega, kifua, kiuno, mkono, urefu wa gauni. Nthenya ana mistari kumi na mitatu, Januari kumi na tatu. Nzomo aliisoma kwa kidole, kama mtu anayesoma Zaburi.

"Na hii safu ya mwisho, fundi?"

Pindo. Kila gauni la mtoto naliachia inchi tatu za kukunjwa kwa ndani, mama azifungue mtoto akirefuka. Kwa watoto wengi, mwaka wa tatu pindo limekwisha, na ukiangalia chini ya gauni utaona mistari miwili mitatu ya mikunjo ya zamani. Ya Nthenya yalirudi kwangu mazima. Gauni lilichakaa shingoni na kwapani kabla pindo halijaguswa. Nilikuwa nikifumua nakuta kitambaa cha ndani kingali cha samawati kama siku kilipotoka dukani. Mwaka 1984, inchi moja na robo. 1985, nusu inchi. 1987, mwaka aliolazwa mara nne, sifuri. Niliandika sifuri nikaizungushia duara. Sijui nilikuwa nataka kumwonyesha nani.

Nzomo alichora mstari kwenye karatasi ya miraba, halafu juu yake mstari wa watoto wengine wa daftari lilelile. Akaeleza polepole. Chembe za damu za Nthenya hujikunja kama mundu na hufa mapema, kwa siku chache badala ya miezi. Mwili unakaa kiwandani usiku na mchana kutengeneza nyingine. Chakula kinaishia huko. "Yeye anakula kama wewe, fundi, lakini anajenga damu. Cha kujengea urefu hakibaki. Hata utu uzima unachelewa kubisha hodi."

"Kwa hiyo picha ya mfupa ni ya uongo?"

"Si ya uongo. Mfupa kweli ni wa miaka kumi na minne. Mtoto ndiye si wa miaka kumi na minne. Mfupa umechelewa, kalenda haikuchelewa."

Akanionyesha jambo ambalo mimi mwenyewe niliandika bila kuliona: kati ya Januari ya mwaka jana na ya mwaka huu, inchi mbili kasoro robo. Hajawahi. Mifupa ambayo haijafunga bado ina nafasi, wengi wao hurefuka wakati wenzao wameshaacha, wengine huwafikia. Nilimkumbuka Waringa mwezi wa Januari, akiniambia huku anatazama ukuta kwamba mtoto amekuwa mkubwa. Jambo ambalo binti humwambia baba yake mara moja tu, tena kwa sababu mama hayupo.

Kwa hiyo ndiyo kwanza anaanza kuwa mwanamke, na serikali ndiyo kwanza inaandika kwamba ni mtoto!

Nzomo ameandika barua ya kurasa mbili. Nimerudi nikiimba. Mzee mjinga.

Jumanne, 22 Machi

Karani yuleyule. Alisoma mistari mitatu ya barua ya Nzomo, akaikunja. "Daktari ameandika maneno. Mashine imepiga picha."

Nikamwambia mashine haijui sikoseli. Nikafungua daftari langu. Akacheka – si kwa ubaya, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Mzee, hii ni serikali, si suruali."

Wa nyuma yetu wakaanza kupiga mluzi. Akatoa njia moja: tulete mtu aliyemwona akizaliwa, wa ukoo wa baba, pamoja na barua ya chifu wao. Baba ni Mkamba wa Kwa Vonza? Basi nendeni Kwa Vonza.

Baba yake, Musyoka, alikufa 1978, ukuta wa kisima ulimwangukia. Mwaka uliofuata Waringa alirudi kwangu na mtoto mgongoni. Nilijua kwa nini alirudi. Sikuwa nimekanyaga kule tangu hapo.

Jumamosi, 26 Machi

Kwa Vonza tumekwenda na kurudi, nimechoka hadi kucha. Waringa hakuja. Alisema, "Baba, nikienda nitasema, na nikisema hamtapewa barua."

Mwangangi ni kaka mkubwa wa Musyoka. Ana duka la nafaka sokoni na nyumba ya mabati nyuma yake. Alitupokea vizuri. Aliniita mkwe, akatoa kiti chenye mgongo, akamtazama Nthenya muda mrefu. "Nthenya wa Musyoka! Nilidhani mlishamzika." Ndivyo alivyosema, kwa furaha.

"Bado, baba mkubwa," Nthenya akajibu. "Nimepitia kuwasalimu kwanza."

Nikaeleza shida. Alisikiliza, anachambua kunde kwenye ungo. Alikumbuka siku ya kuzaliwa kwake vizuri kuliko mimi: Ijumaa, jua limeshapanda, ndiyo maana akaitwa Nthenya, wa mchana, na mkunga alichelewa kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Mwaka 1974, hakusita. Nikatoa kalamu. Hapo akasita.

"Mkwe, ile shida ya damu. Katika nyumba hii haikuwapo. Ilikuja na bibi arusi. Huko kwenu kwa baridi."

Nimelisikia hilo miaka kumi na mitano, lakini kwa kupitia kwa binti yangu. Kulisikia mwenyewe ni jambo jingine. Hapo msichana mdogo akaingia na maji ya kunawa.

Mimi ni fundi. Sikumtazama uso, nilitazama gauni. Mikono ya gauni iliishia karibu na kiwiko na kifua kilikuwa kikubwa, kimepwaya. Mtu alikuwa ameshona kwa umri, mwili ukakataa. Halafu nikatazama macho: manjano.

"Huyu ni wa nani?"

"Mjukuu wangu, Syombua," Mwangangi akasema. "Ana miaka sita. Mwaka ujao ataanza shule."

"Tisa," Syombua akasema.

Jikoni mtu akamwita kwa ukali. Mwangangi akarudi kwenye kunde zake. Alizitenga nzuri na mbovu kwa uangalifu mkubwa kuliko kunde zinavyostahili.

Kwa hiyo naye! Naye amechukua makasi. Mzee mwenzangu, nyumba nyingine, upande wa Kitui, na amemkata mtoto miaka mitatu ili atoshe. Sikujua kama nataka kumpiga au kumkumbatia.

Nthenya alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mtoto, ameshika vidole vyake. "Vinauma hapa? Asubuhi kukiwa na baridi? Na mguu?" Mtoto akakubali kila swali kwa kichwa, macho makubwa, kama anayekutana na mtu anayejua siri ya nyumba. "Hata mimi," Nthenya akamwambia. "Kunywa maji mengi. Na usikubali wakutume mtoni alfajiri."

Nikamwambia Mwangangi nilichofundishwa na Nzomo: ugonjwa huu hauji na bibi arusi peke yake. Nusu kwa baba, nusu kwa mama, ndipo mtoto anaugua. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Alikuwa ameshahesabu, tena kabla yangu.

"Mkwe, nikitia sahihi kwamba huyu ana miaka ishirini na ni damu ya nyumba hii, chifu atamtazama. Soko lote litamtazama. Watauliza amekuwaje hivi. Nina wasichana wawili hawajaolewa." Akaweka ungo chini. "Wewe ungefanyaje?"

Ningetia sahihi. Nilimwambia hivyo. Sasa ninapoandika sina uhakika, mtu aliyemdanganya mwalimu mkuu kwa sababu ya watoto kumi wa miaka sita!

Hakutia sahihi. Alitupa jogoo na debe la kunde. Kabla ya kuondoka nilitoa futi ya shingoni nikampima Syombua, bega, kifua, mkono. Nimemwandika katika daftari, miaka tisa. Mama yake nimemwachia jina la Nzomo na njia ya kufika Malili. Mwangangi alituona, hakuzuia.

Alhamisi, 31 Machi

Maumivu ya Nthenya. Tangu Jumatatu – mgongo na miguu yote miwili. Malipo ya safari ya baridi ya alfajiri. Nzomo alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Maji, sindano, maji. Nthenya asiposema ndipo ninapoogopa.

Sare kumi na nane hazijashonwa. Zingoje.

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Amekaa. Amekula supu ya jogoo wa Mwangangi, akasema angalau mmoja wa nyumba ile amekubali kuja.

Waringa alisema tuache habari ya chuo. Mwili huu hauwezi kazi ya kusimama, ofisi zinatutesa, mtoto apumzike.

"Mama, neno hilo hilo," Nthenya akasema. "Mtoto. Hapo ndipo shida yote ilipo."

Kisha akatueleza kitu ambacho hakuwahi kutueleza. Alipokuwa kidato cha pili Nzomo alimwachia hadubini aangalie tone la damu yake mwenyewe. Aliziona, miundu midogo, imelala ovyo kama baada ya mavuno. "Nilikuwa nimezoea kuwa tone," akasema. "Siku ile nilikaa upande wa jicho. Nataka kukaa upande ule." Nafasi ya chuo haihifadhiwi. Asiporipoti tarehe 9, anaitwa anayefuata kwenye orodha. Mwakani wanaomba upya, na mwakani mifupa yake itakuwa na miaka kumi na mitano!

Waringa alikwenda nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Jumanne, 12 Aprili

Kwa Kivuva, naibu wa chifu wa hapa. Nimemshonea suruali tangu alipokuwa karani wa ushirika. Nilimwomba amwandikie Nthenya kama mtu wa hapa, anayelelewa na babu yake wa hapa.

Akataka kitambulisho changu. Nilikitoa. Akakisoma kana kwamba hanijui. "Fundi, hapa pa asili panasema Nyeri. Othaya. Mtoto hana baba wa kumwandikisha, basi anamfuata babu. Mpeleke kwenu."

Kwenu! Karani ananiambia Kwa Vonza, Kwa Vonza wananiambia kwenye baridi, na huyu ananiambia kwetu. Nikamwuliza: nimeishi hapa tangu 1958, nimemzika mke wangu hapa, nimeshona sare za kila mtoto unayemwona barabarani, zako pia. Siku ya kuchangia harambee mimi si wa hapa?

"Siku ya harambee hata mbuzi wa kupita ni wa hapa," Kivuva akasema, na wazee waliokuwa kwenye benchi wakacheka, nikacheka nao bila kutaka.

Lakini si mtu mbaya. Alifunga mlango, akaniambia njia ni mbili. Ya kwanza, niende Othaya, ndugu yangu na chifu wa kule wanitambue mimi kwanza, kisha mtoto. Ya pili, nibadilishe changu. Kuna fomu. Nafuta Nyeri, naandika hapa, naye anashuhudia. Nikishakuwa wa hapa, mjukuu wangu ni wa hapa, na kuhusu umri atachukua kiapo changu, barua ya Nzomo na daftari, atabeba mwenyewe hadi kwa mkuu wake. "Ila katika kiapo itabidi useme ulidanganya shuleni. Wewe mzee wa kanisa. Utaweza?"

"Nitaweza."

Akanipa fomu zote mbili, ya kiapo na ya kubadilisha pa asili.

Jumatano, 13 Aprili

Kiapo nimekiandika kwa dakika kumi. Mimi Evanson Karanja, fundi cherehani, nilitoa tarehe isiyo ya kweli mwezi wa Januari 1982. Mchungaji akitaka kunitoa katika wazee wa kanisa, na anitoe, benchi lile halina hata mto.

Hiyo fomu nyingine ndiyo imelala mezani tangu jana. Nimeihamisha nikiweka kitambaa, nikairudisha.

Ndugu yangu Ndungu aliniandikia mara moja tu jambo la maana, 1959. Barua ninayo. Mashamba yote ya kijiji yamepimwa upya, vipande vimeunganishwa. La baba limeandikwa kwa jina lake kwa sababu mimi sikuwapo. "Ukirudi tutazungumza." Nilimwandikia 1964. Alijibu salamu. Nilimwandikia 1971, akajibu salamu na habari za mvua. Nilipokwenda kuandikishwa tena wakati vitambulisho vilipobadilishwa, karani aliniuliza pa asili, nikasema Othaya bila kufikiri. Baadaye nilifikiri. Niliona kwamba karatasi ile ndiyo kiti changu katika mazungumzo yale. Mtu hawezi kukuambia wewe si wa hapa ikiwa serikali imeandika wewe ni wa hapa.

Nikiifuta, hakuna kiti.

Najua kitu kimoja zaidi, nami sipendi kukijua. Nauli ya kwenda Othaya nimekuwa nayo kila mwezi kwa miaka thelathini.

Jumatatu, 18 Aprili

Nthenya ameikuta fomu. Ameisoma yote, mbele na nyuma. Akaniletea chai.

"Guka, usiiandike. Nitangoja. Mimi kungoja nimezoea, hata mwili wangu unangoja."

Nikamwambia anyooke kwenye mwimo wa mlango. Si Januari, lakini nilitaka kujua. Futi nne, inchi saba kamili. Nusu inchi tangu Januari, na Machi kulikuwa na ile wiki ya maumivu! Nilipima mara tatu, Waringa akaitwa kushuhudia.

"Haungoji tena," nikamwambia. "Mwili wako haungoji. Wewe ndiwe unayeuambia usubiri ofisi?"

Alijitazama kwenye mwimo, mahali nilipotia alama ya chaki, akaigusa kama ina joto.

Jana kanisani nilimwuliza mwalimu mmoja mtu atasemaje akiulizwa kwao ni wapi, naye hajui tena njia ya kutoka stesheni hadi mlangoni. Alidhani namtegea swali la Biblia. Akaniambia Ibrahimu.

Ijumaa, 22 Aprili

Ofisini kwa Kivuva tangu saa mbili. Nthenya kwenye benchi nje, amevaa sweta mbili. Siku kumi na saba zimebaki. Kivuva anasema kitambulisho chenyewe hakiwezi kutoka kabla ya Julai, lakini karatasi ya kungojea inaweza kupatikana kwa wiki mbili mkuu wake akikubali kiapo. Chuo kitakubali karatasi ya kungojea? Hajui. Mkuu wake atakubali kiapo? Hajui. Alipiga simu, mkuu hakuwapo. Akapiga tena, laini ikakatika. Sasa amekwenda posta kujaribu simu ya pale, na mimi naandika haya kwenye kona ya meza yake, kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo.

Mambo ya kiapo yamekamilika. Mhuri upo. Barua ya Nzomo imebanwa, na picha ya mfupa imebanwa pia – Kivuva amesema tusiifiche, waione pamoja na mstari wa Nzomo.

Msichana wake wa kupiga taipu alipofika kwenye fomu yangu alisoma kwa sauti, ili asikosee. Jina. Mwaka wa kuzaliwa, 1926. Kazi. Pa asili pa sasa: Nyeri. Aliinua macho. "Pa asili papya?"

Nikamtajia kijiji, lokesheni, tarafa, wilaya. Makueni. Alipiga herufi moja moja, kidole kimoja. Nilikuwa na muda wa kumsimamisha kwenye kila herufi.

"Na hapa wanauliza sababu, mzee. Mbona unabadilisha? Huenda ukataka kurudi kwenu siku moja."

Nje Nthenya anakohoa, anaongea na mtu, anacheka. Nimemwambia msichana aandike hivi, asiongeze kitu: Sitarudi Othaya.